KAMONGO, DUBU NA FIGO ZETU: TUSIGEUZE DARASA KUWA DAWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, naandika kutoka hapa Mwembesongo, Morogoro. Somo la leo ni refu kidogo. Naomba mlisome mpaka mwisho, hasa ninyi wenye mgonjwa wa figo nyumbani, na ninyi mnaoishi na kisukari au presha.

Nimeulizwa swali moja na watu zaidi ya mmoja, kwenye darsa na kwenye simu. Wanasema: "Sheikh, tumesikia kuna mnyama anakaa miezi mitano hali, hanywi, hakojoi, na figo zake zinabaki nzima. Je, hiyo si dalili kwamba mgonjwa wa figo akifunga sana atapona? Na je, supu au mafuta ya mnyama wa namna hiyo hayatibu figo?"

Habari ya huyo mnyama ni ya kweli. Yale mawili yanayojengwa juu yake si ya kweli, na yanaweza kumuua mtu. Nitaeleza kwa nini.

1. TUANZE NA FIGO YENYEWE

Sisi watu wa Morogoro tunaishi chini ya Milima ya Uluguru, na tunajua maji yanavyoshuka. Mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam unaanzia kwenye milima hii. Msitu ukiwa mzima, mvua ikinyesha, maji yanashuka taratibu na yanafika safi. Msitu ukichomwa moto, tope lote linakwenda na mto.

Figo zako mbili zinafanya kazi inayofanana na hiyo ndani ya damu yako. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo zinachuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha karibu yote yanarudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni kama lita moja au mbili tu. Yaani majimaji yale yale yanachujwa tena na tena, usiku na mchana, wewe ukiwa umelala, nani anakumbuka kushukuru?

Mwili ukitumia protini, iwe ya maharage, ya nyama au ya misuli yako mwenyewe, unabaki na taka yenye naitrojeni. Taka hiyo kwa kuanzia ni amonia, nayo ni sumu kali. Ini linaigeuza kuwa yurea, ambayo ukali wake ni mdogo, kisha figo zinaitoa kwa mkojo. Vichujio vikifa, yurea na taka nyingine zinabaki kwenye damu. Maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Madini ya potasiamu yanapanda mpaka moyo unaweza kusimama ghafla.

Mtu akifika hapo, anahitaji mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara, au anahitaji kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Alhamdulillah, upandikizaji huo sasa unafanyika nchini: Muhimbili walianza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata mwaka 2018. Lakini kila mwenye mgonjwa anajua gharama yake, nauli zake na machozi yake.

Shikeni hilo, kisha tuwatazame wanyama.

2. KAMONGO WA ZIWA VICTORIA

Wakulima wa huku wamewaona konokono wakubwa wakati wa kiangazi. Mvua zikikatika, konokono anajificha chini ya majani au kwenye mizizi, anajifungia ndani ya nyumba yake, anaziba mlango kwa utando mgumu, anatulia kimya. Masika ikija anatoka, anatembea. Watoto wanadhani alikufa akafufuka. Hakufa. Alipunguza matumizi ya mwili wake mpaka karibu na sifuri.

Yupo mwenye ufundi mkubwa zaidi. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanamwita kamongo, samaki mrefu mwenye mapafu, anayepanda juu ya maji kuvuta hewa. Kinamasi anachoishi kikianza kukauka, kamongo anachimba kwenye tope, anajikunja, anatoa ute unaomfunika mwili mzima. Ute ukikauka unakuwa kama mfuko, na kinabaki kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Anakaa humo miezi mingi, na anaweza kupitisha hata mwaka. Hali chakula, hanywi, hakojoi.

Taka ya mwili wake inakwenda wapi? Akiwa majini, kamongo anatoa taka nyingi kama amonia, maji yanaichukua. Akiwa ndani ya tope hakuna maji ya kuichukua. Basi mwili wake unabadilisha utaratibu: amonia inageuzwa kuwa yurea, na yurea inahifadhiwa mwilini mpaka mvua irudi. Wakati huo anaishi kwa kula misuli yake mwenyewe pole pole. Maji yakirudi, anatoka na kuimwaga taka yote ile, na figo zake zinaendelea na kazi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Mwaka 1928 alikuja Afrika Mashariki Mmarekani mmoja aitwaye Homer Smith, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New York, kumtafuta kamongo huyu. Alimchunguza anavyotumia hewa, anavyokula misuli yake na anavyolimbikiza yurea, akaandika utafiti wake. Mwaka 1932 akatoa kitabu alichokipa jina la samaki huyo huyo: Kamongo. Mle ndani kuna mjadala wa mwanasayansi na padri juu ya maisha na makusudio yake, na zipo hoja ambazo mimi kama Muislamu sizikubali. Lakini kazi yake juu ya figo ni jambo jingine. Mtu huyu alikuja kuwa miongoni mwa wakubwa wa elimu ya figo duniani. Katika miaka ya 1930 alikuwa mmoja wa walioweka msingi wa kupima kasi ambayo figo ya binadamu inachuja damu. Leo daktari akikwambia "figo zako zimebaki asilimia kadhaa", anasimama juu ya msingi ambao Smith na wenzake waliujenga.

Samaki ni wa ziwa letu. Jina lake ni la kwetu. Aliyevuka bahari kuja kumuuliza maswali alikuwa mgeni. Kwangu hilo ni somo la peke yake, na nitalirudia mbele.

3. DUBU NA KINDI WA NCHI ZA BARIDI

Huku kwetu usingizi mrefu wa wanyama unakuja na ukame. Kwenye nchi za theluji unakuja na baridi, na bingwa wake ni dubu.

Dubu anakula sana mwisho wa kiangazi, ananenepa, kisha anaingia pangoni miezi mitano hadi saba. Hali, hanywi, hakojoi, haendi haja kubwa. Watafiti waliowapima dubu weusi kule Alaska waliandika mwaka 2011 kwamba mwili wa dubu aliyelala unatumia nguvu kiasi cha robo tu ya kawaida, na mapigo ya moyo yanashuka kutoka kama 55 kwa dakika hadi kama 14.

Figo zake nazo zinapunguza kuchuja kwa kiasi kikubwa sana. Angekuwa binadamu mwenye majibu ya maabara kama yale, daktari angehangaika. Mkojo kidogo unaotengenezwa unanyonywa tena kutoka kwenye kibofu na kurudi mwilini. Yurea inaingia kwenye utumbo, bakteria wanaoishi humo wanaivunja, na naitrojeni iliyomo inatumika tena kutengeneza protini. Kwa maneno mepesi, taka inageuzwa kuwa chakula cha misuli. Ndiyo maana dubu anaamka baada ya miezi yote ile akiwa na misuli na mifupa yenye nguvu, na figo zake zinarudi kazini bila kovu.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walilithibitisha jambo hili la bakteria kwa kindi wa ardhini wanaolala majira ya baridi. Waliifuatilia naitrojeni ya yurea, wakaikuta imefika mpaka kwenye protini za misuli na ini. Kindi waliopunguziwa bakteria wa utumbo kwa dawa hawakuweza kufanya hivyo kwa kiwango kile.

Kule Sweden yupo daktari bingwa wa figo, Peter Stenvinkel wa Taasisi ya Karolinska, ambaye kwa miaka anawahimiza madaktari wenzake wajifunze kwa dubu. Na watafiti wa Skandinavia wanawafuata dubu pangoni wakati wa theluji, wanachukua damu, kisha wanamtafuta dubu yule yule kiangazi na kuchukua tena, ili walinganishe. Mwaka 2018 kundi moja la watafiti liliweka majimaji ya damu ya dubu aliyelala juu ya chembe za misuli ya binadamu kwenye maabara, na uvunjikaji wa protini ukapungua.

Aliyewahi kumuuguza mtu wa figo anaelewa kwa nini jambo hili linawagusa madaktari. Mgonjwa wa mashine anakonda, misuli inaisha, mifupa inakuwa dhaifu. Dubu ana taka, ana kiu, amelala miezi, na hapatwi na hayo. Kuna kitu mwilini mwake kinachomlinda. Kitu hicho kikijulikana, huenda siku moja kikawasaidia wagonjwa wasiishiwe misuli, kikasaidia figo iliyopata mshtuko irudi kazini, au kikasaidia figo ya kupandikiza ikae nje ya mwili muda mrefu bila kuharibika.

Nimesema huenda. Mpaka leo ninapoandika, hakuna dawa ya figo iliyotoka kwa dubu wala kwa kamongo unayoweza kuandikiwa hospitali. Anayekuuzia kichupa akakwambia ipo, anakudanganya.

4. KUTOKA KWENYE SUMU MPAKA KIDONGE

Mtu ataniambia: "Sheikh, si Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa? Kwa nini isiwe kwa huyu samaki?"

Mafundisho hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayotupa matumaini. Lakini kuwepo kwa dawa hakumaanishi kwamba kila kinachopita mbele yako ndicho dawa. Nikupe mfano unaohusu figo hizi hizi.

Yupo nyoka wa Brazil ambaye sumu yake inashusha presha ya anayeumwa naye. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa huko, Sérgio Ferreira, aliichunguza sumu ile. Wengine wakaendelea na kazi, wakajua ni kitu gani ndani yake kinachofanya presha ishuke, wakatengeneza kitu kinachofanana nacho, wakakipima. Mwaka 1981 dawa iitwayo kaptopril ikaruhusiwa kule Marekani. Ndugu zake, kama enalapril na lisinopril, ziko mpaka kwenye maduka ya dawa ya hapa Morogoro. Dawa za kundi hili zinashusha presha, na kwa wagonjwa wengi wa kisukari zinachelewesha figo kuharibika.

Tazama safari yenyewe. Kutoka kwenye sumu mpaka kwenye kidonge ilipita miaka mingi ya kupima, kukosea na kupima tena. Hakuna hata siku moja mgonjwa aliyeambiwa aende akaumwe na nyoka ili apone. Basi kwa nini wewe unywe supu ya kamongo ukidhani umekunywa utafiti? Kamongo ni samaki halali, mle ukimpata. Ila ukimla, tumbo lako linamvunja kama linavyomvunja sato. Ule uwezo wake wa kukaa kwenye tope hauhamii kwako. Na kwa mgonjwa wa figo, nyama na samaki vinahitaji kipimo alichopewa na daktari, maana protini inaongeza ile ile yurea.

Mwaka 2011 nchi hii iliona foleni za magari kwenda Loliondo kunywa kikombe. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za kisukari na presha kwa kuamini wamepona. Sitaki kumsema mtu. Nataka tukumbuke kwamba kukata tamaa kunamfanya mtu yeyote, msomi na asiye msomi, akimbilie kikombe. Leo kikombe kinakuja kwenye simu, kikiwa na picha ya dubu na maneno ya "utafiti umethibitisha".

Na ninyi mnaotengeneza klipu za dini, nawaomba. Msichukue kisa cha vijana wa pangoni katika Suratul Kahf mkakiunganisha na usingizi wa dubu, mkasema sayansi imethibitisha. Vijana wale Allah aliwalaza miaka 300 na kuzidi 9 kwa uwezo Wake, na ile ni aya Yake, haihitaji dubu wa kuitolea ushahidi. Dubu naye ni ishara kwa namna yake. Allah ametuambia katika Suratul An'am kwamba wanyama na ndege ni umati kama sisi. Umati una mambo yake, ukiuchunguza utajifunza. Inatosha.

5. MGONJWA WA FIGO NA RAMADHANI

Hapa ndipo pananiumiza zaidi, kwa sababu hapa watu wanatumia jina la dini.

Wapo wanaomwambia mgonjwa: "Funga tu, saumu inasafisha figo. Mbona dubu anakaa miezi bila maji?" Ndugu yangu, dubu ameumbiwa utaratibu mwingine. Ana kibofu kinachorudisha maji mwilini, ana bakteria wanaofanya kazi ile majira yale, ana moyo unaoweza kupiga mara 14 kwa dakika. Wewe hukuumbiwa hayo. Wewe ukikosa maji, figo zako, ambazo tayari ni dhaifu, zinapata damu kidogo zaidi. Mgonjwa aliyebaki na uwezo mdogo anaweza kuupoteza huo mdogo.

Allah aliyemuumba dubu akampa usingizi, ndiye aliyekuumba wewe akakupa ruhusa. Katika Suratul Baqara amemruhusu mgonjwa asifunge. Anayetarajiwa kupona, atalipa siku nyingine. Asiyetarajiwa kupona, atatoa fidya ya kumlisha masikini kwa kila siku, na katika madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, ni kibaba kimoja cha chakula. Asiye na uwezo, Allah anajua hali yake.

Wapo wagonjwa wa hatua za mwanzo ambao daktari, baada ya kuwapima, anawaruhusu kufunga kwa masharti. Sawa. Lakini jibu hilo linatoka kwa daktari mwenye vipimo vyako mkononi. Halitoki kwa jirani, wala kwangu mimi. Sheria yetu inamsikiliza tabibu mwaminifu katika jambo kama hili.

Wewe mama, wewe baba unayelia kwa kuwa umeambiwa usifunge: usidhani umenyimwa Ramadhani. Kuipokea ruhusa ya Mola wako nako ni utiifu. Na ninyi majirani, mkimwona mgonjwa anakunywa dawa mchana wa Ramadhani, fungeni midomo yenu kama mlivyofunga matumbo.

6. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, pimeni. Ugonjwa wa figo unakuja kimya, na dalili nyingi zinajitokeza vichujio vingi vikiwa vimeshakufa. Mwenye kisukari, mwenye presha, na mwenye ndugu aliyeugua figo, aombe apimwe presha, protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu. Ni vipimo vya kawaida.

Pili, acheni kumeza dawa za maumivu ovyo. Diklofenaki na ibuprofeni zinanunuliwa kama pipi. Mgongo ukiuma, kidonge. Goti likiuma, kidonge, miezi na miezi. Dawa hizi zinapunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa mwenye kisukari, presha au umri mkubwa madhara yake ni makubwa. Mitishamba nayo siiharamishi, lakini mti usiojulikana kipimo chake ni hatari kwa figo mbovu. Mwambie daktari kila unachokunywa, usimfiche.

Tatu, usiache mashine wala dawa kwa sababu ya ujumbe uliotumiwa kwenye simu. Ukitaka kumsaidia mgonjwa, ile pesa ya kichupa mpe nauli ya kwenda kliniki. Misikiti yetu ichangie wagonjwa kama inavyochangia mabusati.

Nne, na hili ndilo nililoahidi kulirudia. Wapelekeni watoto wakasome elimu ya viumbe. Mababu zetu walimjua kamongo, walijua anapojichimbia na namna ya kumfukua. Ujuzi ule wa mvuvi ndio mwanzo wa utafiti. Kilichobaki ni kuuliza: kwa nini hafi? Smith aliuliza, akaongeza elimu ambayo leo inamhudumia mgonjwa wetu. Hapa Morogoro tuna vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Waislamu na Sokoine. Kijana wa Kiislamu wa Mwembesongo anayemwona konokono amejifungia kiangazi, akasema Subhanallah, amefanya vizuri. Akisema Subhanallah kisha akaenda maabara kutafuta kinachoendelea ndani ya lile gamba, amefanya vizuri zaidi. Huenda dawa tunayoisubiri ipitie mkononi mwake.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu wa figo na wagonjwa wote. Wape subira wanaowauguza. Wape madaktari wetu ujuzi na huruma. Wafungulie watafiti mlango wa dawa yenye manufaa, na utujaalie watoto wetu wawe miongoni mwao. Amin.

Mwenye swali aulize hapa chini kwa adabu. Mwenye mgonjwa nyumbani amsomee ujumbe huu taratibu. Na ukiusambaza, usambaze wote, usikate kipande cha dubu peke yake.

Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.